Fimbo Yenye Taulo Jeupe

Kazi huanzia kwenye chujio. Ni safu ya nondo zilizolazwa mshazari ndani ya mfereji, na mhudumu wa mabwawa hulifikia asubuhi akiwa na buti, glavu na reki ndefu. Huanzia pembeni, akazamisha meno ya reki mpaka chini, kisha akavuta taratibu kufuata nondo. Hutoka matambara, mifuko ya plastiki, nepi. Akivuta kwa pupa, tambara hukatika na nusu yake hupenya kwenda kuziba mbele. Alichokitoa hukiacha kichuruzike kwanza, ndipo akakipakia kwenye toroli, akakinyunyizia chokaa na kukifukia.

Mabwawa ya kutibu majitaka ya namna hii yapo Ilemela, Mwanza, na katika miji mingine ya bonde la Ziwa Victoria. Mgeni anayetafuta mitambo hukata tamaa: hapa kuna jua, upepo, bakteria na watu wachache wanaojua kuyasoma maji.

Mchanga ukishatuama kwenye mfereji wake, maji huingia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita mbili hadi tano. Humo oksijeni hakuna. Uchafu mzito huzama, bakteria huushughulikia, na mapovu ya methani hupanda juu. Usoni hutanda utando mnene kama wa maziwa yaliyopoa. Wewe na mimi tungeukimbilia kuuondoa. Mhudumu huuacha makusudi, kwa kuwa ndio unaozuia harufu isitoke.

Bwawa la pili, lenye kina cha mita moja na nusu hivi, lina sheria nyingine kabisa. Utando uleule ukijitokeza hapa, huopolewa siku hiyohiyo, maana unaukosesha mwani mwanga, na mwani ndio unaotengeneza oksijeni mchana kutwa. Mhudumu hulikagua kwa rangi. Kijani kilichoiva ni dalili ya afya. Likigeuka kijivu, au likaanza kupiga wekundu wa zambarau, anajua limeelemewa, naye huanza kufuatilia ni nini kilichoingia.

Ila kinachonishangaza kuliko vyote ni namna anavyopima tope la bwawa la kwanza. Huchukua mti mrefu ulionyooka, akauviringishia taulo jeupe na kulifunga kwa kamba lisicheze. Huuteremsha wima mpaka uguse sakafu. Kisha hutulia. Hautikisi, hausukumi, huupa muda tope lishike kwenye nyuzi. Huupandisha polepole vilevile, na hapo taulo hutoa jibu: chini jeusi tititi, juu limelowa tu, na katikati kuna mpaka ulio wazi. Hupima kwa futi, akaandika, akasogea hatua kadhaa na kurudia, kwa sababu tope halilali sawasawa; karibu na bomba la kuingilia huwa jingi zaidi. Likishafika theluthi ya kina cha bwawa, wakati wa kulitoa umewadia. Vipimo vya bei mbaya vipo, lakini sijui kingine kinachomuumbua haraka hivi mtu asiye na subira: mkono ukitetemeka, mpaka unafutika.

Mabwawa ya mwisho ni ya kukomaza maji. Hayana kina, hivyo jua huua vijidudu, na kwa kuwa maji hukaa siku nyingi, mayai ya minyoo huwa yameshazama. Kazi ni ndogondogo: kufyeka nyasi za kingo zisifuge mbu, kung'oa miche kwenye matuta, kuchukua sampuli pale maji yanapotokea. Kwa viwango vya Tanzania, BOD, yaani kipimo cha uchafu unaokula oksijeni, isizidi miligramu 30 kwa lita.

Hata kazi hii ikifanywa vizuri, fosforasi nyingi hupita, nayo ndiyo chakula cha mwani na magugu maji ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na ghuba zake zilizojifunga hubadilisha maji polepole. Kwa hiyo matete na mafunjo yaliyo kati ya bwawa la mwisho na ziwa yanaendeleza kazi ya mhudumu huyu, ingawa hakuna anayeyalipa mshahara. Halmashauri za miji ya kando ya ziwa, msipime viwanja humo.