Duma wa Momella: Jina na Ngeli katika Filamu ya Hatari! (1962)

Filamu ya Hatari! iliyoongozwa na Howard Hawks ilipigwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960. Hukumbukwa zaidi kwa vifaru wanaofukuzwa na magari, na kwa ndovu wadogo wanaomfuata Dallas katika mitaa ya Arusha. Duma anayefugwa nyumbani, aitwaye Sonia, hukumbukwa kwa nadra. Tukio lake mashuhuri ni fupi: anaingia bafuni Dallas akiwa anaoga, kisha kisa kinaendelea bila ya kumhitaji. Hata hivyo, nafasi hiyo finyu ndiyo inayofichua jinsi filamu inavyotumia majina kuamua nani ni wa ndani na nani ni wa nje.

Anwani yenyewe ni ya Kiswahili. Kwa mzungumzaji wa lugha hii, neno hatari likifuatwa na alama ya mshangao ni lugha ya onyo, kama lile linaloandikwa kwenye nguzo za umeme. Linamtaka msomaji akae mbali. Duma wa Momella analikanusha onyo hilo. Ni mnyama wa mbuga za wazi, si wa misitu ya Mlima Meru, na kuwapo kwake chini ya mlima huo ni kazi ya mikono ya watu. Amevuka kizingiti, amepewa jina la kike la Ulaya, na hafukuzwi. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Hapa methali imetimia kwa paka ambaye nyumba yake halisi ni nyika.

Mbinu hii haishangazi ikizingatiwa kwamba mswada uliandikwa na Leigh Brackett, mtunzi aliyejijengea jina kwa hadithi za kisayansi zilizotokea Mirihi na Zuhura. Katika utanzu huo, kiumbe wa ajabu anayetulia miguuni pa wageni huthibitisha kwamba sayari ngeni imekuwa makazi. Sonia anaifanya kazi hiyohiyo: anaigeuza Momella kuwa nyumbani kwa watu waliofika kunasa wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo.

Kinyume chake ni jina ambalo Dallas anapewa na Waarusha: Mama Tembo. Muundo wake ni wa Kiswahili sanifu kabisa, mama akiitwa kwa mwanawe, ingawa Waarusha kwa asili ni wasemaji wa Kimaa. Mtazamaji wa pwani angeweza hata kutabasamu, kwa kuwa kwake tembo ni kileo cha mnazi pia. Kwa hiyo, mnyama wa ndani anapata jina la kigeni, na mgeni anapata jina la Kiswahili. Pande zote mbili, ukaribisho unamfaa mgeni. Waafrika wanaofanya kazi katika makazi hayo wanabaki pembezoni mwa kisa.

Inaweza kudaiwa kwamba hiki ni kichekesho tu, na kwamba duma asibebeshwe mzigo wa historia. Hoja hiyo ina uzito, lakini kichekesho chenyewe kinategemea dhana kwamba mnyama hupata hadhi ya nafsi pale tu anapopewa jina la mtu. Sarufi ya Kiswahili haikubaliani na dhana hiyo. Duma anaingia, Dallas anaingia, mpishi anaingia: upatanisho wa A-WA unawaweka wote katika safu moja, awe na jina au asiwe nalo. Anayeisimulia filamu hii kwa Kiswahili hawezi kumpandisha Sonia juu ya duma wengine bila ya kutoka nje ya sarufi.

Mwezi Septemba 1961, kabla filamu haijaonyeshwa, Azimio la Arusha kuhusu wanyamapori lilitamka kwamba viumbe hao ni amana ya taifa lililokuwa likijongelea uhuru. Filamu ilipotoka mwaka 1962, duma wa Momella alikuwa tayari ana mwenyeji mwingine.