Wito namba 454: kufungua mlango mpya ndani ya kerneli

Simu za Android zinazouzwa Bwera, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, na zile zinazovushwa mpakani kwenda Kasindi, upande wa Kongo, zinaendeshwa na kerneli ya Linux. Ni ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuujenga upya. Kwa kijana anayesomea kompyuta Kasese, hii ni nafasi kubwa, kwa sababu kiini cha mashine anayoishika kila siku hakijafungwa kwa kufuli. Makala haya yanachambua zoezi moja: kuijenga kerneli toleo 6.6, lililotoka Oktoba 2023, kwenye kompyuta mpakato kuukuu mjini Kasese, na kuiongezea wito mmoja wa mfumo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kuuandika wito ni kazi ya mistari michache. Uzito wote uko kwenye ahadi unayoitoa ukishauweka.

Mpaka wenyewe

Programu ya kawaida haina ruhusa ya kugusa diski, mtandao wala kumbukumbu ya programu nyingine. Ikihitaji kitu, huiomba kerneli, na ombi hilo ndilo wito wa mfumo. Kwenye kompyuta za biti 64 za Intel na AMD, programu huweka namba ya ombi kwenye rejista iitwayo RAX, vielelezo vyake kwenye RDI, RSI na nyinginezo, kisha hutekeleza amri ya `syscall`. Prosesa huhamia ngazi ya juu ya mamlaka, na kerneli huitafuta namba hiyo kwenye jedwali lake. Namba 0 ni kusoma, namba 1 ni kuandika, namba 39 ni kuuliza kitambulisho cha mchakato. Namba isiyokuwemo hurudishiwa kosa la 38, yaani huduma hiyo haipo.

Anayevuka mpaka wa Uganda na Kongo kihalali pale Mpondwe hupita kituoni, mzigo wake ukakaguliwa. Wakati wa Ebola ya Kongo ya 2018 hadi 2020 alinawa mikono na kupimwa joto kabla ya kuendelea. Wito wa mfumo ni kituo cha namna hiyo, na kila anwani ya kumbukumbu inayoletwa na programu lazima ikaguliwe. Asiyekagua amefungua njia ya panya. Jambo hili liliwahi kuwakuta hata mabingwa: mwaka 2017, katika toleo 4.13, wito wa `waitid` uliachwa bila ukaguzi wa anwani, na programu isiyo na mamlaka yoyote ikaweza kuandika ndani ya kumbukumbu ya kerneli. Ukaguzi uliosahaulika ulikuwa wa mistari michache tu.

Kujenga kwa bando na umeme wa hapa

Kikwazo cha kwanza ni bando. Kuchukua historia nzima ya msimbo kwa git hula gigabaiti kadhaa, lakini faili moja lililobanwa la toleo 6.6 lina takriban megabaiti 140. Ukishakuwa nalo, marekebisho yanayofuata huja kama viraka vidogo, kwa hiyo huna haja ya kupakua kila kitu upya. Faili likipatikana mara moja, darasa zima linaweza kugawana kwa flashi.

Kikwazo cha pili ni muda. Mpangilio unaokuja na Ubuntu hujenga maelfu ya moduli za vifaa ambavyo hutaviona maishani. Amri ya `make localmodconfig` huangalia moduli zinazotumika wakati huo na kuziacha nyingine zote, na muda wa kazi hupungua sana. Ina mtego wake, hata hivyo: kisichochomekwa hakihesabiwi. Kwa sisi tunaotegemea modemu ya USB, ni lazima iwe imechomekwa na inafanya kazi kabla ya kutoa amri hiyo, la sivyo kerneli mpya itawaka vizuri bila njia ya kufika kwenye intaneti. Zima pia taarifa za utatuzi, `DEBUG_INFO`, maana hujaza diski bila faida kwa anayeanza.

Kikwazo cha tatu ni umeme. Mito ya Rwenzori inazungusha mitambo ya Mubuku, hapa hapa wilayani, lakini bado umeme hukatika. Bahati nzuri `make` hulinganisha nyakati za mafaili: ukirudi, kazi huendelea ilipoishia. La kuangalia ni faili lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika. Linaweza kubaki tupu huku likionekana jipya, na kosa litajitokeza mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha. Tafuta mafaili ya `.o` yenye ukubwa wa sifuri, yafute, kisha uendelee.

Mistari yenyewe

Wito tuliouchagua unahesabu michakato iliyopo kwenye mashine. Kwenye `arch/x86/entry/syscalls/syscall_64.tbl`, orodha ya kawaida ya toleo 6.6 inaishia namba 453, kwa hiyo tunaongeza 454:

```
454  common  hesabu_michakato  sys_hesabu_michakato
```

Tamko lake huwekwa kwenye `include/linux/syscalls.h`, na kazi yenyewe kwenye `kernel/sys.c`:

```
SYSCALL_DEFINE1(hesabu_michakato, int __user *, jibu)
{
    struct task_struct *p;
    int idadi = 0;

    rcu_read_lock();
    for_each_process(p)
        idadi++;
    rcu_read_unlock();

    if (copy_to_user(jibu, &idadi, sizeof(idadi)))
        return -EFAULT;
    return 0;
}
```

Tazama mpangilio wake. Michakato huzaliwa na kufa kila wakati, hivyo orodha husomwa chini ya ulinzi wa RCU, utaratibu wa kerneli unaoruhusu kusoma data huku ikibadilishwa. Ukiwa ndani ya ulinzi huo hairuhusiwi kulala. Lakini `copy_to_user` inaweza kulala, kwa mfano ukurasa wa kumbukumbu ya mtumiaji ukiwa umehamishiwa diskini. Ndiyo maana tunafungua ulinzi kwanza, kisha tunanakili. Ukizigeuza hatua hizo mbili, msimbo utajengeka na huenda ukafanya kazi siku nyingi kabla ya kuleta madhara, na kosa la namna hiyo ndilo gumu kuliko yote kulitafuta. Nakala yenyewe inapitia `copy_to_user` badala ya kuandika moja kwa moja kwenye `jibu`, kwa kuwa ndiyo inayohakikisha kwamba anwani iko upande wa mtumiaji.

Majaribio

Iwashe kerneli mpya kwanza ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Ukiridhika, isakinishe, na uiache ya zamani kwenye menyu ya kuwashia ya GRUB ili uwe na pa kurudia. Programu ya kujaribu ni fupi: `syscall(454, &n)`, kisha uchapishe `n`. Linganisha na `ps -e --no-headers | wc -l`. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu `ps` na `wc` nazo ni michakato. Halafu fanya jaribio ambalo wengi huliruka: peleka anwani mbovu. Ukirudishiwa kosa la 14, EFAULT, mashine ikaendelea kama kawaida, ukaguzi wako unafanya kazi.

Namba ni ya nani?

Toleo 6.7 lilitoka Januari 2024, na ndani yake namba 454 ilipewa `futex_wake`, wito wa kuamsha nyuzi (threads) za programu zilizolala. Programu yetu ikiendeshwa kwenye toleo hilo, kerneli itadhani inaombwa kuamsha nyuzi. Kigeu `n` hakitaandikwa kamwe, na asiyekagua jibu atachapisha takataka akidhani ni hesabu. Hakuna aliyekosea miongoni mwa wanaoitunza kerneli: namba tuliyojipa haikuwahi kuwa yetu.

Hapo ndipo ulipo uzito nilioutaja. Wito ukishaingia kwenye kerneli rasmi, hautarajiwi kuondolewa wala kubadilishwa maana, kwa kuwa zipo programu zinazoutegemea. Hata Google, kwa mawasiliano ya ndani ya Android, haikuongeza wito mpya. Njia ya mawasiliano hayo, iitwayo Binder, ni kifaa kinachofunguliwa kama faili, kisha kikaagizwa kwa `ioctl`, wito uliokuwepo tayari. Na tangu Android 8.0, programu inayojaribu wito ulio nje ya orodha iliyoruhusiwa husimamishwa papo hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu na wanafunzi wa Kasese ni huu. Ongeza wito ili ujifunze. Sijui zoezi jingine linaloonyesha mpaka wa kerneli waziwazi kiasi hiki kwa mistari michache hivyo. Lakini ukitaka kumpa mtu mwingine kazi yako aitumie, iandike kama moduli yenye faili lake chini ya `/dev`: itajengwa bila kugusa jedwali, na itaondolewa bila kuivunja mashine. Na ukiamini kwamba hitaji lako ni la dunia nzima, soma `Documentation/process/adding-syscalls.rst`, faili ambalo tayari umelipakua pamoja na msimbo, kisha utetee hoja yako mbele ya wanaoitunza kerneli. Watakuuliza nani atauhitaji wito huo baada ya miaka kumi. Anza kuliandaa jibu hilo kabla hujaandika mstari wa kwanza.