Ustadi wa Kumlaza Mgeni

Mtaani Majengo, katika mji wa Mpanda, ilikuwapo nyumba ya kulala wageni yenye ua mpana na mwembe mmoja, na katika nyumba hiyo alihudumu mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti na mwepesi wa mikono, ambaye hakupata kusifiwa hadharani wala kuandikwa katika gazeti lolote, lakini ambaye mimi, niliyepata bahati ya kumtazama akifanya kazi yake, namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa niliopata kuwaona, sawa na seremala au mhunzi yeyote. Tofauti yao ilikuwa moja tu: kazi ya seremala hubaki ikashuhudiwa na wajukuu, ilhali kazi ya mama huyu ilivurugwa kila alfajiri na mtu yule yule aliyefanyiwa, naye akaianza upya bila ya kinyongo.

Alianza na kitanda. Aliondoa shuka za jana, akaligeuza godoro, akalipapasa kwa kiganja kutoka kichwani hata miguuni akitafuta mahali palipobonyea, kisha akatandika shuka iliyoanikwa juani na kupigwa pasi ya mkaa, akaivuta pembe zote nne hata isibaki na kunyanzi hata moja. Chandarua alikitazama kwa kukielekeza kwenye nuru ya dirisha, na tundu lolote aliloliona, hata kama lilikuwa dogo kiasi cha kupita mbu mmoja, alilishona papo hapo kwa sindano aliyokuwa ameichomeka ukosini mwa gauni lake, kwa sababu alikuwa akiamini kuwa mgeni anayeondoka na homa ni aibu ya nyumba nzima. Kandambili aliziweka chini ya kitanda zikielekea mlangoni, ili mtu atakayeamka usiku wa manane katika nyumba asiyoijua apate kuzivaa bila ya kupapasa. Na kandili na kiberiti vilikaa upande wa mkono wa kuume, mahali pamoja katika kila chumba, hata mgeni aliyewahi kulala pale angeweza kuvifikia gizani kama alivyovifikia nyumbani kwake.

Lakini kilele cha ustadi wake kilikuwa katika ndoo ya maji moto. Gari moshi la kutoka Tabora halikuwa na saa ya kuaminika. Pengine lilifika magharibi, pengine usiku mkubwa, na abiria walishuka wakiwa wamefunikwa na vumbi jekundu na uchovu: wakulima wa tumbaku, wachuuzi wa mchele na asali, watumishi wa serikali waliohamishwa na familia zao, akina mama waliompeleka mgonjwa au waliomrudisha. Mama huyu aliposikia honi kwa mbali, hakungoja kuona kama nyumba yake itapata mgeni au haitapata. Alichochea kuni, akabandika sufuria kubwa, na maji yakaanza kuchemka kwa ajili ya mtu ambaye bado hajulikani jina. Mgeni alipoingia, alimtazama mara moja, akajua. Mzee alipewa maji ya moto zaidi, kijana yaliyo vuguvugu, mama mwenye mtoto mchanga akaongezewa beseni bila ya kuomba. Aliyapima kwa kiwiko, siyo kwa kidole, akatia majani machache ya mchaichai aliyoyachuma uani, akaifunika ndoo kwa sinia ili yasipoe wala masizi yasiingie, akaipeleka bafuni, akarudi kubisha hodi na kusema kwa sauti ya chini: "Baba, maji tayari. Karibu ukaoge, uchovu uondoke." Kisha aliondoka, asingoje shukurani.

Nimetafakari sana juu ya ndoo ile, nami nimeona kuwa ndani yake ndimo ulimokuwa ustadi wote wa kumpokea mgeni, ambao hauko katika kutii amri, maana kutii ni jambo jepesi, bali uko katika kuitangulia haja ya mtu kabla hajaitamka, ili asipate mashaka ya kuomba katika nyumba ya watu wengine. Mtu anayeomba maji na akapewa, amehudumiwa. Mtu anayeyakuta maji yakimngoja, ameheshimiwa. Baina ya mambo hayo mawili pana umbali mkubwa, na umbali huo hauvukwi kwa fedha. Huvukwa kwa mazoea marefu, kwa jicho lililofundishwa kuwasoma watu, na kwa moyo unaoona fahari katika starehe ya mwingine.

Hata kitabu cha wageni, ambacho sheria inakitaka na ambacho kwingine ni karaha tupu ya jina, kabila, kazi, utokako na uendako, mikononi mwake kilikuwa mlango wa udugu. Alipoandika kuwa mgeni ametoka Inyonga aliuliza habari za mvua za Inyonga; alipoandika kuwa anakwenda Karema alimweleza gari lipi la kuaminika litaondoka kesho na wapi pa kununua migebuka iliyokaushwa vizuri. Kwa maswali hayo alijua nani ameteremka na njaa, nani ana msiba, nani asiamshwe asubuhi na nani lazima aamshwe saa kumi za usiku ili asikose safari. Na yule aliyetakiwa kuamshwa aliamshwa, wala sijasikia hata siku moja kuwa mtu aliachwa na gari kwa sababu ya usingizi wa mama huyu.

Siyo ajabu kuwa ustadi wa namna hii ulikua mahali kama Mpanda, mji ambao wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya watu waliotoka mbali. Kabla ya madini ya risasi kuchimbwa hapa, hii ilikuwa nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ya misitu ya miombo na mizinga ya nyuki. Mgodi ndio ulioleta reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, na reli ikaleta watu wa kila kabila, nao wakaishi pamoja katika mitaa ya namna ya Majengo, ambamo hapakuwa na mwenyeji wa asili wa kutosha kumzidi mwenziwe kwa haki ya kukaa. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru, lakini reli ilibaki, na mazoea ya kumpokea mtu ashukaye usiku yalibaki pamoja nayo. Kila mtu wa Majengo alikuwa ama mgeni, ama mtoto wa mgeni, na kwa hiyo alijua kwa nafsi yake maana ya kufika mahali usipojulikana ukakuta taa inawaka.

Wala mazoea hayo hayakuanza na reli. Katika nyumba za mawe za Lamu, wajenzi wa kale walitenga chumba kiitwacho sabule, karibu na mlango, kwa ajili ya mfanyabiashara aliyekuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi, ambaye hakuweza kurejea kwao mpaka kusi ianze kuvuma, na ambaye kwa hiyo alikuwa mgeni wa miezi, siyo wa siku mbili. Tazama busara ya watu wale: walimpa faragha yake ili asiwe mzigo kwa wanawake wa nyumba, wakamweka ndani ya kuta zao ili asiwe mpweke, na hesabu hiyo yote waliifanya tangu siku ya kuchora msingi. Bara nako, Kwihara karibu na Tabora, tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akiwangoja wapagazi, hata akaondoka mwezi wa Agosti kwenda safari yake ya mwisho, ingali ikioneshwa hadi leo; na katika njia zote za misafara zilizokwenda Ujiji na Karema, msafiri aliishi kwa wema wa miji aliyoipitia. Wahenga walipotuambia mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wakisema habari za uzoefu.

Katika siku zetu ustadi huu umepata bei, na bei yake ni kubwa. Watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kulala katika hoteli ndogo za kifahari za visiwa vya Ugiriki, na zile za Santorini zinazosifiwa kupita kiasi, zilizochimbwa katika mwamba na kupakwa chokaa nyeupe, nyingi zilikuwa makao ya wanyonge. Tetemeko la tarehe 9 Julai 1956 liliwatawanya wenyewe, na katika miaka ya 1970 shirika la utalii la nchi hiyo likaanza kuzikarabati nyumba za kijiji cha Oia ziwe malazi ya wageni. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000: majumba ya matajiri wa karafuu yamekuwa hoteli, na mgeni hulala juu ya samadari, chini ya boriti za mikoko, akavuta harufu ya udi na asumini. Mtu anapolipa fedha nyingi kwa usiku mmoja mahali hapo, hanunui kitanda, kwa kuwa kitanda anacho kwao. Ananunua kule kutanguliwa haja yake, kuitwa kwa jina lake, kukuta taa imewashwa kabla hajafika. Ananunua kile ambacho Majengo ilimpa mkulima wa tumbaku kwa shilingi chache.

Wala hatuna haja ya kwenda hata Unguja kulithibitisha jambo hili. Kusini mwa mji wetu iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 4,471 za miombo na mbuga, ambamo wakati wa kiangazi, mto Katuma unapopungua, viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi yaliyosalia. Wageni wachache wafikao huko hulala katika kambi za mahema ya kifahari na kulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Na jioni, baada ya vumbi la mbugani, wapewe nini wageni hao wenye uwezo wa kulala popote duniani? Ndoo ya maji moto, iliyochemshwa kwa kuni, ikapandishwa juu kwa kamba na kufunguliwa juu ya mabega yao, wakati waupendao wao. Huisifu wakifika kwao, na wana haki ya kuisifu. Lakini mwenye kujua asili yake hawezi kuacha kuhuzunika, maana ndoo ile ile, katika mji ulio karibu na mbuga hiyo, tumeitupa kwa haya, tukidhani ni alama ya umaskini.

Nyumba yenye mwembe imekwisha kuvunjwa. Mahali pake limesimama jengo la ghorofa lenye marumaru sakafuni, choo ndani ya kila chumba na televisheni ukutani, na majengo ya namna hiyo yamezidi kuongezeka tangu Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Sisemi kuwa marumaru ni dhambi, wala sisemi kuwa bomba si bora kuliko ndoo siku ambayo bomba linatoa maji. Nasema kuwa pamoja na ndoo tumemwondoa aliyeibeba. Mgeni anayeshuka leo huelekezwa kwenye dirisha dogo, akadaiwa fedha kwanza, akarushiwa ufunguo na kijana asiyeinua macho katika simu yake. Akifika chumbani hukuta mtambo wa kuchemsha maji umeharibika, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda na kina matundu, na taulo moja nyembamba ambayo hajui ilifutiwa nini. Akilalamika, huambiwa kuwa bei ya chumba ndiyo hiyo. Naye hunyamaza, kwa kuwa hajui kuwa alistahili zaidi.

Kijana yule simlaumu peke yake. Ameajiriwa bila ya kufundishwa, kwa ujira usiomtosha, na mwenye nyumba ambaye aliwahesabu mafundi wa kila kitu kilichohitajika katika jengo lake, wa matofali, wa umeme, wa mabomba na wa rangi, asikumbuke kuwa kumlaza mgeni nako kuna fundi wake. Vyuo vyetu vya hoteli na utalii vinawafundisha wengi, na kheri kwa vyuo hivyo. Lakini aliyehitimu hutazama Arusha, Unguja na kambi za mbugani, mahali palipo na dola, na nani atamlaumu? Ndivyo tulivyofikia kugawa ukarimu wetu kwa daraja: ule ulio safi tumewawekea wageni wa mbali wenye fedha, na ule uliosalia, uliochakaa, tumewapa ndugu zetu wenyewe, mkulima wa Mishamo, mwalimu anayekwenda kuripoti Mlele, mama aliyemleta mwanawe hospitali.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuvunjwa kwa nyumba. Taifa linaloweza kumwekea mtu wa Ulaya maji moto katikati ya nyika, mahali pasipo barabara ya lami wala nguzo ya umeme, haliwezi kudai kuwa limeshindwa kumwekea Mtanzania maji hayo hayo mjini. Kinachokosekana ni kuona kuwa anastahili. Na wale walioona hivyo, akina mama wa zamani wa nyumba za wageni, wanazeeka majumbani mwao bila ya kuitwa na mtu yeyote awakalishe mabinti na vijana mbele yao, wajifunze kupima maji kwa kiwiko na kulikagua tundu la chandarua penye nuru. Wakiondoka hao, majengo yataongezeka na vitanda vitaongezeka, na msafiri wa Mpanda atakuwa na mahali pengi zaidi pa kulipia usiku mmoja kuliko babu yake, wala asiwe na hata pamoja pa kupokelewa.