Juu ya Kutafuta Maandiko ya Wataalamu: Mahari ya Wachaga

Miezi michache iliyopita nililetewa kazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye kusoma elimu ya jamii, niisome na kuikosoa. Habari yake ni mahari kwa Wachaga. Mwandiko wake ni safi, na maneno aliyoyapata kwa wazee ni ya thamani. Lakini katika ukurasa wa tatu asema kwamba hakuna mtaalamu aliyepata kuandika juu ya jambo hilo, na kwamba yeye ndiye wa kwanza. Sentensi hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana kosa hili nimelikuta katika kazi nyingi.

Nilimwuliza jinsi alivyotafuta, naye akanieleza pasipo kuficha. Aliandika katika Google Scholar maneno mawili, "dowry" na "Chagga", akapitia kurasa mbili za majibu, akaacha.

Tulitazame neno la kwanza. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki watu husema "dowry" wakikusudia mahari. Bali wataalamu wa mila hulitumia neno hilo kwa mali anayopewa bibi arusi na wazazi wake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi katika sehemu nyingi za Ulaya na Bara Hindi. Mali itokayo kwa watu wa mume kwenda kwa jamaa za mke waliiita kwanza "bride-price". Mwaka 1931 E. E. Evans-Pritchard aliandika katika jarida la Man kulipinga neno hilo, kwa kuwa laifanya ndoa ionekane kama ununuzi, akapendekeza "bridewealth", nalo likashika. Mwaka 1973 Jack Goody na S. J. Tambiah walitoa kitabu chenye jina Bridewealth and Dowry, na jina lenyewe latosha kuonyesha kwamba mambo haya ni mawili. Basi mwanafunzi wetu aliuliza jambo moja akitaka lingine.

Wala sisi wenye Kiswahili tusimcheke. Neno mahari limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake. Huku bara tumelitwaa neno hilohilo tukawaitia ng'ombe na mbuzi waendao kwa wazee. Wakikuyu husema rũracio, Watswana husema bogadi. Na mtafutaji aliye na neno la wenyeji mkononi mara nyingi hufika upesi kuliko yule mwenye tafsiri tu.

Neno la pili lilimponza zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alichapisha mwaka 1926 kitabu kinene juu ya sheria za watu hao, nacho chaitwa Das Recht der Dschagga. Charles Dundas, katika kitabu chake cha mwaka 1924, aliandika "Wachagga". O. F. Raum mwaka 1940 aliandika "Chaga", kwa g moja. Na kitabu cha Sally Falk Moore cha mwaka 1986, ambacho ningalimpa mwanafunzi kabla ya vyote, hakina jina la kabila hata kidogo katika anwani yake, ila Kilimanjaro tu. Mtu mwenye tahajia moja atavipataje vinne? Tena mtambo ule, katika kupanga majibu, huangalia pia ni mara ngapi kazi imetajwa na wengine. Kitabu cha Kijerumani cha karibu miaka mia hakitangulii mbele ya makala za Kiingereza za juzi.

Hata hivyo mlango mmoja ulikuwa wazi. Angalikipata kitabu cha Moore, kisha akazisoma tanbihi zake kwa subira, angalimkuta Gutmann humo. Hiyo ndiyo njia ya kurudi nyuma, nayo ni ya zamani. Njia ya kwenda mbele, yaani kuuliza ni nani waliokitaja kitabu fulani baada ya kutoka, Eugene Garfield aliieleza mwaka 1955, na faharasa yake ya elimu za jamii ilianza kutolewa mwaka 1973. Leo Google Scholar yenyewe hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza mara moja chini ya jina la kitabu. Mwanafunzi hakubonyeza. Nadhani hakuna mwalimu aliyemwonyesha.

Asiyejua Kijerumani naye hakuachwa mkono mtupu. Katika mkusanyo wa Human Relations Area Files, ulioanzishwa Yale mwaka 1949, kitabu cha Gutmann kimo kwa Kiingereza, na kila fungu la maneno limetiwa nambari ya jambo lake, ili atafutaye habari za ndoa asipitie kitabu kizima. Na mwenye kufika Dar es Salaam ataona katika maktaba ya chuo kikuu karatasi za Hans Cory juu ya sheria za kienyeji za makabila mbalimbali.

Sisemi kwamba Gutmann akisemwa yatosha. Aliupenda mno ukoo wa kale, na mapenzi hayo huonekana katika anayoyachagua kuyaandika. Moore naye ametuonya kwamba mengi yaitwayo mila yaliundwa upya wakati wa serikali za kikoloni. Lakini mtu hawezi kubishana na kitabu asichojua kuwa kipo.

Nimemrudishia kazi yake, na sentensi ile nimeipigia mstari. Kisha nikamwonyesha ukurasa wa kumi na tisa, alipoandika maneno ya mzee mmoja kwamba babu yake alikuwa akiitwa barazani kwa Mzungu wa misheni, akiulizwa habari za ndoa siku nzima, na yule Mzungu akiandika. Maneno hayo aliyanakili vizuri, pamoja na jina la kijiji, akapita.