Mwaka Kogwa na Mazoea ya Kutafuta Asili

Kila mwandishi agusaye Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huanza na Uajemi. Nairuzi, atuambia, ndiyo Noruzi. Akiisha kusema hayo huweka kalamu chini, kana kwamba sherehe imekwisha kufasiriwa. Hapana shaka jina limetoka huko. Lakini asili ya jina si maana ya tendo.

Na tuitazame hesabu yenyewe. Mwaka wa Nairuzi una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Hauna mwaka mrefu; kwa hiyo kila miaka minne hutangulia siku moja katika kalenda ya Kizungu, na siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Noruzi ya Iran imefungwa na mwezi wa Machi, usiku na mchana unapolingana. Ya Makunduchi haikufungwa. Mzee wa miaka 80 ameiona ikihama siku 20. Basi yeye aiitaye sikukuu ya msimu na atujibu: msimu upi?

Swali hilo lawatatiza pia wafuasi wa James Frazer. Mwandishi huyo wa The Golden Bough (1890) aliidhani mioto ya wakulima wa Ulaya kuwa uganga wa kulitia jua nguvu. Mwaka 1913 alielekea kukubali rai ya Westermarck, kwamba moto ule ni wa kusafisha. Watu wa Makunduchi hawakuhitaji mabuku kumi na mawili kulijua hilo: neno kogwa latokana na kukoga. Mwaka huogeshwa. Wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo kisivuke. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na moshi wake hutazamwa waelekea wapi. Hayo yote ni josho moja.

Zilizosalia ni nyimbo za wanawake, zenye kejeli na matusi, na hapa ndipo wahakiki wetu walipozembea kuliko pote. Wapiga picha hufuata moto. Wenye haya huruka maneno. Wenye kuiona sherehe nzima kuwa ujahili hawayasikilizi kabisa. Lakini tusi lililopangwa kwa vina, likaimbwa hadharani siku moja lisiloweza kulipiziwa kisasi, ni fasihi, tena katika Kimakunduchi, lahaja ambayo vijana wengi wanaiacha. Kibanda hujengwa upya kila mwaka. Wimbo ambao haukuandikwa huenda na mwimbaji wake.