Al-Inkishafi na Msomaji Aliye Njia Panda

Hichens (1939) na Allen (1977) waliitaja nafsi katika vichwa vya matoleo yao ya Al-Inkishafi. Hata hivyo, madarasani utungo huu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir husomwa aghalabu kama ushahidi wa kuanguka kwa Pate. Makala hii inadai kwamba usomaji huo huupunguzia utungo uzito wake.

Niliurejelea nilipokuwa nikipima iwapo niache kufundisha ili nimwuguze mzazi. Nilitarajia kupewa shauri, sikulipata.

Anayesemezwa katika utungo ni moyo wa mshairi mwenyewe. Fani yaithibitisha hali hiyo. Ubeti una mishororo minne ya mizani kumi kumi; mitatu ya kwanza huchukuana kwa vina, na wa nne hurudi daima kwenye kina cha -ye. Fikira hutembea mishororo mitatu, kisha hurejeshwa ilikoanzia, kama afanyavyo mtu anayepima jambo asilolimaliza.

Kitovu cha usomaji huu ni taswira ya majumba ya Pate. Ndege wamelala madakani mlimokuwa vyombo vya kauri, na aingiaye akiita haitikiwi ila na mwangwi wake. Mhakiki wa historia huona hapa magofu. Msomaji aliye njia panda huona zaidi: swali lake humrudia kwa sauti yake mwenyewe, naye sasa aweza kulihukumu. Ndivyo nilivyotambua kwamba nilikuwa nikisema "wajibu" pale nilipokusudia "cheo".

Yawezekana kupinga kwamba utungo unaoishia kwa kuzitaja Jahanamu, mmoja baada ya mwingine, hauachi nafasi ya kupima, unatisha tu. Pingamizi hili lina nguvu, lakini lasahau kwamba anayetishwa ni mtishaji mwenyewe. Hapo ndipo utungo unapotofautiana na mawaidha ya mimbarini.

Upungufu wake, kwa maoni yangu, uko kwingine. Al-Inkishafi wamfunza msomaji kuuacha ulimwengu; haumfunzi kuchagua baina ya wajibu wa kweli na wajibu mwingine wa kweli. Ulinivua udhuru, ukaniachia uamuzi. Mwalimu anayeufundisha kama historia pekee humnyima mwanafunzi hata faida hiyo ya kwanza.