Fundi wa Geji ya Temprecha Hupimwa kwa Mpangilio wa Kazi Yake

Gari likifikishwa gereji kwa sababu mshale wa temprecha hauaminiki, anza kumtathmini fundi kabla hajagusa waya wowote. Fundi stadi husubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akatazama maji. Wengi huiona hatua hii kuwa ndogo mno kulipiwa, nami naiona kubwa kuliko zote. Sensa husoma joto la maji yanayoigusa. Yakipungua hata ikabaki kwenye hewa na mvuke, mshale unaweza kushuka upande wa baridi wakati silinda hedi inaungua. Fundi anayekimbilia dashibodi ameshaamua kwamba geji inasema uongo, tena bila ushahidi. Huo ndio msingi wa ufundi huu: geji ihesabiwe kuwa inasema kweli mpaka kipimo kingine kiikanushe.

Maji yakiwa sawa, ndipo zamu ya umeme inapofika, na hapa mkono mzuri huonekana wazi. Sensa nyingi ni kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo, kwenye geji ya kawaida yenye sensa ya waya mmoja, fundi huwasha swichi bila kuwasha injini, akachomoa waya wa sensa: mshale unapaswa kulala kwenye C. Kisha huupa ule waya ethi, yaani huugusisha kwenye chuma cha injini, na mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Ukitii mara zote mbili, geji na waya ni vizima, na kosa liko kwenye sensa au pale inapofungwa. Tepu nyingi kwenye nyuzi zake huweza kuikatia ethi. Mshale usipotii, sensa mpya haitasaidia kitu. Tazama pia anavyogusisha waya huo. Vitabu vya ufundi vya Toyota huelekeza kuweka balbu ndogo ya wati 3.4 katikati, ili umeme usipite kwa nguvu na kuiunguza geji. Anayefanya hivyo, au angalau kugusa kwa nukta chache na kuachia, anajua anachokilinda. Na kwenye Land Rover Series za zamani, mishale ya mafuta na temprecha ikikosea kwa pamoja, mjuzi haendi kwenye sensa kabisa. Huenda kwenye kidhibiti volti nyuma ya dashibodi, ambacho hulisha geji zote mbili takriban volti 10.

Kuna wanaosema sensa ni rahisi, ibadilishwe tu kuliko kupoteza saa nzima kupima. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sensa zote zingekuwa na ukinzani mmoja. Sensa isiyo ya gari lile inaweza kufunga vizuri kabisa mahali pake na bado ikaonyesha joto la uongo, na sasa mwenye gari ana hitilafu mbili badala ya moja. Wengine hutegemea mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ni chombo cha thamani, ila magari mengi yana sensa mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya geji, na mashine husoma ile ya kwanza tu. Fundi makini huitumia kulinganisha: kompyuta ikisema nyuzi 90 na mshale uko kwenye C, ameshajua upande wa kutafuta.

Linaloniudhi zaidi ni fundi anayetoa thermostati na kuitupa, akidai nchi zetu ni za joto. Mshale hushuka na mteja hufurahi, lakini injini sasa inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na chanzo cha kuchemsha hakijaguswa. Kipimo cha thermostati kiko jikoni: itundikwe kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, maji yapashwe polepole. Nyingi zimegongwa namba, kama 82 au 88, na zinapaswa kuanza kufunguka karibu na hapo. Hata Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kipimo hicho kinawezekana, na fundi anayekifanya mbele ya mteja anastahili kulipwa hata kama hakuna spea iliyonunuliwa.